Kabla ya Kisu, Fua Kwanza Chuma cha Cheche

Mheshimiwa Mwenyekiti, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna mtu asiye mhunzi wa kuzaliwa anavyoweza kutengeneza kwa mikono yake visu vya jadi na vyombo vya kuwashia moto, kwa uraibu tu, pasipo nia ya kuuza wala kushindana na viwanda. Nilipokuwa nikiyaandaa maneno haya nilijaribu kuyagawa mafungu mawili, fungu la visu na fungu la moto, na kila nilipoyatenga yalirudi kuungana, kwa kuwa vitu hivi viwili vimelelewa nyumba moja. Kwa hiyo nitasema jambo moja, nami nalisema mapema ili anayetaka kusinzia asinzie akiwa ameshalipata: anayetaka kujifunza kufua kisu na aanze kwa kufua chuma cha kupigia cheche.

Ushauri huu sikuupata kwa hekima, niliupata kwa aibu. Kisu changu cha kwanza kilinimalizia mapumziko yote ya miezi miwili. Mpini wake ulikuwa wa mpingo, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa kama umepakwa maji, na kengee lake, yaani bapa lenye makali, nilikuwa nimelitia motoni hadi likawa jekundu, nikalichovya kwenye mafuta kwa heshima zote kama nilivyosikia mafundi wakifanya. Kila aliyekishika alikisifu. Siku nilipokitumia kwa mara ya kwanza kuchonga kijiti kikavu, makali yalijikunja kuelekea upande mmoja, nikaweza kuupapasa mkunjo ule kwa ukucha. Chuma kile kilikuwa kipande cha fremu ya dirisha, chuma laini cha kulehemia, na hata ningekichovya mara mia kisingekuwa kigumu, maana ndani yake hamkuwa na kitu cha kukikaza. Miezi miwili kisu kilinidanganya, na kilichonidanganya ni uzuri wake. Laiti ningechukua ukingo wa chuma kile nikaupiga kwa jiwe kali kabla ya kuanza kazi, ningepata jibu kabla sijavuta pumzi ya pili.

Naomba tukae kidogo kwenye jambo hilo la cheche, kwa sababu ndilo ufunguo wa yote. Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba ukigonganisha chuma na jiwe la gumegume, cheche hutoka kwenye jiwe. Sivyo. Jiwe ni gumu kuliko chuma, na ukingo wake mkali hukwangua vijipande vidogo mno vya chuma, ambavyo kwa nguvu ya mkwaruzo hupata joto la kutosha kushika moto vyenyewe hewani. Kile unachokiona kikiruka ni chuma kinachoungua. Jiwe lolote gumu lenye ukingo mkali, hata jiwe jeupe la kwatzi, linaweza kuifanya kazi hiyo. Lakini ili vijipande vikwanguke na kuruka, chuma nacho lazima kiwe kigumu na kiweze kumeguka. Kikiwa laini, jiwe hukichimba tu, kikasogea na kupondeka kama nta, wala hakuna kinachoruka. Ndiyo maana nasema chuma cha cheche hakijui kuficha. Kisu kilichokosewa kinaweza kukaa ukutani miaka kumi kikisifiwa. Chuma cha cheche kilichokosewa hujulikana kwa pigo la kwanza.

Ugumu huo unatokana na kaboni. Chuma laini cha ujenzi huwa na kaboni ndogo, kwa kawaida chini ya asilimia 0.3, nacho hakikazi kiasi cha kukatia. Springi za magari huwa na asilimia 0.6 hivi, na tupa nzuri za zamani hufikia asilimia 1 au kuzidi. Anayenunua chuma kipya atakutana na namba kama 1084 au 1095, ambazo tarakimu zake mbili za mwisho humwambia kiasi cha kaboni, yaani takriban asilimia 0.84 au 0.95. Kwa mwanafunzi napendekeza 1084 kuliko vyuma vyote, kwa sababu husamehe makosa ya joto. Aliyeokota chuma asichokijua na akisogeze kwenye jiwe la grinda, akiwa amevaa miwani, aangalie mkia wa cheche: chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka yenye matawi machache, na chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka mwishoni kuwa vinyota vingi vilivyoshonana. Ukishaiona tofauti hiyo mara moja, huisahau.

Kwamba kisu na moto ni ndugu si usemi wangu wa kupamba hotuba. Mwezi Septemba 1991, watalii wawili Wajerumani waliokuwa wakitembea katika milima ya Alps, kwenye mpaka wa Austria na Italia, waliikuta maiti ya mtu iliyohifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 5,000. Huyo ndiye anayejulikana duniani kwa jina la Ötzi. Miongoni mwa vitu vyake mlikuwa na kisu kidogo cha jiwe la gumegume chenye mpini wa mti, pamoja na ala yake iliyosukwa kwa nyuzi za gome. Mlikuwa pia na kifaa kinachofanana na penseli nene, kijiti kilichopachikwa ncha ya pembe, ambacho kazi yake ilikuwa kumegulia makali ya jiwe yanapofifia. Na katika mkoba wake wa kiunoni mlikuwa na kuvu unaoota kwenye miti, ule ambao wanasayansi huuita Fomes fomentarius, unaoshika cheche upesi, nao ulikuwa na chembe za pairiti, madini yanayotoa cheche yakigongwa. Kisu, kinoo na chombo cha moto, vyote kwa mtu mmoja. Wahunzi wa Nepal wamelihifadhi wazo hilohilo mpaka leo: ala ya kukri, kile kisu chao kikubwa kilichopinda, kwa desturi hubeba nyuma yake vyuma viwili vidogo, kimoja karda, ambacho ni kisu cha kazi ndogondogo, na kingine chakmak, chuma butu cha kunyooshea makali na kupigia cheche.

Sasa tuingie karakanani. Chukueni tupa kuukuu ambayo meno yake yamekwisha. Itieni motoni mpaka iwe nyekundu sawasawa, kisha mwifukie kwenye jivu kavu na kuiacha humo usiku kucha ipoe polepole. Asubuhi itakuwa laini ya kukatika kwa msumeno. Sageni meno yote, msiache hata alama moja, kwa maana kila bonde lililobaki ni mahali ambapo ufa utaanzia. Kateni kipande cha urefu wa kiganja, kipasheni tena, kikunjeni juu ya fuawe kiwe na umbo la kushikika, ama kama herufi C, ama kama pete bapa inayoingia vidole. Mikia ya herufi hiyo wahunzi wa kale waliipenda wakaizungusha kama pembe za kondoo dume, na hapo mtajifunza kutumia nyundo kuliko mtakavyojifunza mahali pengine popote. Uso wa kupigia uachwe bapa, wenye unene wa milimita 4 au 5, na kona zake ziwe kali.

Kisha inakuja ile saa ambayo moyo hudunda. Chuma kinapopita nyuzi 727 za selsiasi, mpangilio wa chembe zake huanza kubadilika na kuikaribisha kaboni ndani yake. Kinapofika karibu nyuzi 770, kinaacha kuvutwa na sumaku. Hiyo ndiyo zawadi kubwa tuliyopewa sisi tusio na vipimajoto vya gharama: kipande cha sumaku kilichofungwa kwenye waya. Fanyeni kazi hii kivulini, kwa sababu juani chuma chekundu huonekana cheusi na mtaishia kuunguza chuma. Sumaku ikikataa kunata, ongezeni joto kidogo tu, rangi ipande kutoka nyekundu iliyokolea kuelekea chungwa, kisha mzamishe chuma kwa mkupuo mmoja kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa mpaka nyuzi 50 au 60. Mafuta yaliyopashwa ni mepesi, hivyo hukifikia chuma haraka na kuzuia mapovu yasikifunike. Kikizama kwa ghafla namna hiyo, kaboni hukosa muda wa kutoka, ikanaswa ndani na kuzaa umbo gumu ambalo wataalamu huliita martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens aliyezichunguza metali kwa hadubini.

Hapa nawaambieni kisa cha pili cha aibu, kisha sitaongeza kingine. Nilikuwa nimesoma kwamba maji hukaza zaidi kuliko mafuta, nami kwa haraka ya mwanafunzi nikaona kilicho zaidi ndicho bora. Nikachovya kengee lililokuwa limenyooka vizuri kwenye ndoo ya maji ya baridi. Sauti niliyoisikia haikuwa ile ya mvuke niliyoitarajia. Ilikuwa sauti ndogo, nyembamba, kama mtu aliyegonga glasi kwa kijiko mara moja, ting, basi. Nilipolitoa sikuona kitu. Nikalisafisha, nikalipaka mafuta, nikalifuta, na hapo mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yakachora mstari mweusi mwembamba kama unywele, kuanzia makali hadi karibu na mgongo. Mwalimu wangu wa wakati ule aliisikia ile sauti akiwa mlangoni, na kabla sijamwonyesha kitu chochote alisema, "Pole, mwanangu. Weka pembeni, anza kingine." Mpaka leo sauti hiyo nikiisikia, hata ikiwa ni kijiko kweli, nageuka.

Chuma kilichotoka kwenye mafuta kijaribuni kwa tupa nzima: tupa ikiteleza juu yake kana kwamba mnapiga tupa kioo, kimekaza, ikiuma, hakijakaza, na mrudie. Kisha kipigeni kwa gumegume. Pigo lenyewe si la kugonga kama mtu anayegonga mlango, ni la kufyagia, chuma kishuke kikiukwaruza ukingo wa jiwe kwa mshazari. Kikitoa cheche za manjano zinazodumu mpaka zifike chini, mmeshajifunza kukaza chuma, na mlichojifunza kimethibitishwa na shahidi asiyejua kuona haya.

Baada ya hapo ndipo nasema mtu aende kwenye kisu, na atakuta kazi yote ameshaifanya isipokuwa hatua moja, nayo ndiyo inayotenganisha vitu hivi viwili. Chuma cha cheche huachwa kigumu karibu kama kilivyotoka kwenye mafuta, kwa sababu hakipindwi wala hakikandamizwi. Mimi hukituliza, yaani hukipasha tena kwa joto dogo ili kisiwe chepesi kuvunjika, kwa nyuzi 150 kwa saa moja tu, kisije kikavunjika kikidondoka sakafuni. Kisu kikiachwa hivyo makali yake yatamegeka kama kigae. Kisu hutulizwa kwa nyuzi 200 hivi, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Oveni ya jikoni inatosha, mradi muwe na kipimajoto cha kuaminika, kwa kuwa namba zilizoandikwa kwenye vitufe vya oveni nyingi ni za kukisia. Asiye na oveni ang'arishe ubapa wa kengee, aupashe polepole kutokea upande wa mgongo, na aangalie rangi zikitembea: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, mwishoni bluu. Rangi hizo ni utando mwembamba wa oksidi unaokua juu ya chuma kadiri joto linavyopanda, na kadiri unavyonenepa ndivyo mwanga unavyolirudishia jicho rangi nyingine. Makali yasimame kwenye manjano. Mgongo ukifika bluu si vibaya, ni vizuri, maana utakuwa na unyumbufu wa springi huku makali yakibaki magumu.

Kuhusu umbo la kisu sitasema mengi, kwa sababu kila mtu atachora anachokipenda na atakichora vibaya mara tatu za kwanza. Nina maneno mawili tu. La kwanza, kabla ya kukaza msiyafanye makali kuwa membamba kama ya mwisho. Yaacheni na unene wa milimita moja hivi, la sivyo yatapinda kwenye mafuta au kaboni yake itaungulia motoni. La pili, acheni mgongo wa kisu uwe na kona kali za mraba. Wanafunzi wengi huuviringisha kwa ajili ya uzuri na kwa ajili ya kidole gumba, kisha wanashangaa kwa nini kijiti cha feroseriamu hakiwashi. Kijiti hicho, ambacho aloi yake iligunduliwa mwaka 1903 na Mwaustria Carl Auer von Welsbach, hufanya kazi kinyume cha gumegume: hapa ni kijiti kinachokwanguliwa na kuungua, kwa joto linalokaribia nyuzi 3,000, na chuma kinafanya tu kazi ya kukwangua. Kona kali ya mgongo wa kisu ndiyo inayokwangua. Nyumbani hatuwezi kukiyeyusha kijiti chenyewe, hivyo kazi ya fundi ni kukichongea mpini tu, na kwa maoni yangu ndiyo sababu hakinivutii sana, ingawa nikinyeshewa na mvua nitakitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Mpini nao una siri yake, nayo ni msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mti. Ama ufanywe mpana sawasawa na mpini wote, mbao mbili zibanwe pande zote kwa ribiti za shaba na gundi, ama ufanywe mwembamba na kupenyezwa kwenye tundu. Aina ya kwanza ni rahisi kuitengeneza na ngumu kuivunja. Mbao iwe imekauka kabisa, kwa maana mti mbichi husinyaa na kuziacha ribiti zikining'inia. Wengi humalizia kwa mafuta ya kitani, nami pia, lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo msiyarundike pembeni: yanapokauka hutoa joto, na rundo lake linaweza kujiwasha lenyewe bila gumegume wala kiberiti. Itakuwa kichekesho kibaya kwa mtu aliyekesha akijifunza kuwasha moto.

Na moto wenyewe sasa. Cheche ya chuma ni ndogo na hufa upesi. Haiwezi kuwasha nyasi, hata zikiwa kavu namna gani. Inahitaji kitu kitakachoipokea bila kutoa mwali, na kizuri kuliko vyote ni kitambaa cha pamba kilichogeuzwa mkaa. Vipande vya pamba safi hutiwa kwenye kopo la bati lenye tundu dogo kama la msumari, likawekwa juu ya makaa mpaka moshi unaotoka tunduni ukome. Kisha lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Ukilifungua likiwa na joto, hewa itaingia na kitambaa chote kitaungua mbele ya macho yako. Kipande kimoja hushikwa juu ya jiwe, karibu na ukingo, na cheche ikikiangukia hutokea nukta nyekundu inayotambaa taratibu kama wino kwenye karatasi. Nukta hiyo hukunjwa ndani ya kiota cha nyuzi kavu na kupulizwa, kwa pumzi ndefu na tulivu, mpaka kiota kianze kutoa moshi mzito wa manjano, halafu ghafla mwali.

Lugha yetu ina majina ya njia nyingine iliyo kongwe zaidi, ya kupekecha, na nasikitika kwamba vijana wengi wanayasikia leo kwa mara ya kwanza: ulindi ni kile kijiti kinachozungushwa, na wimbombo ni kile cha chini kinachopekechwa. Hiki ndicho chombo ambacho kisu chako kipya kitakuchongea. Mti wa wimbombo uwe mkavu na laini kiasi cha ukucha kuacha alama, usiwe wenye utomvu. Chonga kishimo, kipekeche mpaka kikae sawa, kisha kata pengo lenye umbo la V kuanzia pembeni, upana wake uwe kama moja ya nane ya duara, lifike karibu na kitovu. Pengo hilo ndilo linalokusanya unga. Unga wa kahawia isiyokolea ni dalili kwamba unasaga tu mti. Unga mweusi, ukiendelea kufuka moshi hata baada ya kuacha kupekecha, ndani yake kuna kaa. Kisu butu hakiwezi kukata pengo safi, na pengo lenye nyuzi za mti huuziba unga. Nimewahi kumwona mtu akipekecha kwa nusu saa na kulaumu mti, kumbe cha kulaumiwa kilikuwa kisu kinachoning'inia kiunoni mwake.

Kwa usalama nitapita haraka kwa sababu walimu wa karakana watarudia. Msipashe chuma kilichopakwa zinki, moshi wake una sumu. Chombo cha mafuta kiwe cha chuma na mfuniko wake uwe mkononi, na mafuta yakishika moto yafunikeni, msiyamwagie maji kamwe. Sheria za kubeba visu hutofautiana kila nchi, kila mmoja azijue za mahali alipo.

Ndugu zangu, pale kwenye meza ya pembeni nimeweka vyuma vitatu vya kupigia cheche, vilivyofuliwa kwa tupa moja na kupigwa umbo moja. Kimoja kimekazwa sawasawa. Kingine kilitulizwa kupita kiasi, kikafika rangi ya bluu, kisha nikakisugua ili rangi isionekane. Cha tatu hakijawahi kuonja mafuta. Kando yake kuna gumegume, kopo la kitambaa na miwani sita. Sikuandika alama yoyote juu yake, na nawaomba mkishagundua kipi ni kipi, msimwambie anayewafuata kwenye foleni.